Pembe Isiyo na Mwenyewe

Lori la saruji lilipomaliza mlima wa mwisho na kuingia Nyarugongo, Gamaliel Lwakatare alisimama juu ya mifuko, akashika ubao wa pembeni, akatazama mbele kwa macho yake yote. Siku kumi na moja alikuwa Bukoba akisubiri meli kutoka Mwanza ilete saruji. Siku kumi na moja alilala chumba cha kupanga kule Kashai, akirauka kila asubuhi kwenda bandarini na kurudi na jibu lile lile la kesho. Alikuwa ameacha msingi na kozi tatu, safu tatu tu za tofali. Sasa pale kwenye rweya, ile ardhi ya nyasi iliyo mali ya kijiji kizima, zilisimama kuta nyekundu zilizofika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, na juu ya kuta hizo watu walikuwa wamekaa wanaimba.

Machozi yalimlengalenga, akajifanya vumbi limemwingia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa Maruku, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ufundi Dar es Salaam. Wenzake darasani walizungumzia mahoteli na madaraja. Yeye alisema hadharani kwamba anataka kujenga zahanati vijijini, wakamcheka, wakampachika jina la Mchungaji. Mwaka huo wa 1975 alipewa alichokiomba: zahanati ya Nyarugongo, wilaya ya Muleba, vyumba vitatu, kimoja cha kujifungulia. Aliichora ramani yake upya mara mbili kwa mkono wake ili dirisha la chumba hicho lipate jua la asubuhi.

Akaruka chini. Wanawake walipiga vigelegele. Protase, balozi wa nyumba kumi za upande wa magharibi, mtu mfupi mwenye kifua cha jogoo, alimkabidhi timazi, ule uzi wenye jiwe wa kupimia wima.

"Pima mwenyewe, Ndugu Fundi," alimwambia. "Ukikuta ukuta wangu umelala hata kwa unywele mmoja, nakunywesha rubisi mwaka mzima."

Gamaliel alipima. Ukuta ulikuwa wima. Alihamia wa pili, nao wima. Wa tatu na wa nne vilevile. Hakuwahi kuona watu wasio mafundi wakisimamisha ukuta namna ile, na alitaka kuwaambia hivyo. Kisha alifika kwenye pembe ya kaskazini mashariki, akaona udongo umepakwa kwa wingi kuliko mahali pengine. Akaugusa. Ukamomonyoka, ukatoa jani kavu la mgomba. Akalivuta jani, likafuatwa na jingine. Mwisho aliingiza mkono mzima kati ya ukuta na ukuta, ukazama mpaka kwenye kifundo.

Akaenda pembe ya pili, mkono ukaingia. Ya tatu, ukaingia. Ya nne hakuhitaji kuingiza mkono, kwa sababu aliona mwanga wa ziwa ukipenya.

Nyimbo zilianza kupungua moja moja.

"Nani alijenga hapa?" Gamaliel aliuliza.

Watu walitazamana. Protase ndiye aliyejibu, tena bila wasiwasi. "Hapo hakuna aliyejenga. Ukuta wetu unaishia hapa. Wa akina Ta Kagaruki, balozi mwenzangu, unaanzia pale."

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Karugendo, katekista wa zamani ambaye hakupenda kuona mikono imekaa bure, aliona siku zinapita na fundi hajarudi. Tarehe ishirini na sita Oktoba ilikuwa imeshatangazwa: mgeni rasmi angekuja kufungua zahanati. Basi alifanya kile ambacho Nyarugongo hufanya kunapokuwa na kazi ya wote, iwe kufyeka njia ya chemchemi au kulima shamba la shule. Aligawa. Kuta nne, mabalozi wanne, kila balozi na nyumba zake kumi, kila mmoja na ukuta wake. Watakaowahi kufika usawa wa lenta wangepewa mbuzi. Watu walijenga kama wanaofukuzwa na mvua. Mbuzi aliliwa na watu wa Protase, na mfupa wa paja ulikuwa bado umening'inizwa juu ya ukuta wao kuwakera wengine.

Lakini mtu wa Nyarugongo huzaliwa kwenye kibanja, katikati ya migomba na mibuni ya babu yake, na hufundishwa mpaka kabla hajafundishwa sala. Kati ya kibanja chake na cha jirani pamesimama omulamula, mti wa mpaka usiong'olewa, na kabla ya kuufikia mti huo anaacha hatua moja ya ardhi bila kuilima, jembe lake lisije likazaa kesi. Kuacha hatua hiyo ndiyo adabu yenyewe. Hivyo watu wa Protase, walipoukaribia ukuta wa akina Kagaruki, walisimama umbali wa kiganja. Akina Kagaruki nao walisimama. Kote kote watu waliheshimiana, wala hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Ndiyo maana nyumba ilikuwa na kuta nne na haikuwa na pembe hata moja.

Gamaliel alieleza. Kuta za tofali zilizoshikwa kwa udongo, alisema, hazisimami kwa unene wake. Zinasimama kwa sababu tofali la ukuta huu linaingia kwenye ukuta ule, na la ule linaingia kwenye huu, kozi kwa kozi, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Zilivyo sasa ni mbao nne zilizosimamishwa kwenye upepo wa mlimani. Kisha, kwa hasira, akasema kwamba aliacha maelekezo, kurasa nne, kwa maandishi ya kusomeka.

Mzee Karugendo alitoa kurasa zile mfukoni mwa koti, zimekunjwa vizuri, akazinyoosha juu ya goti.

"Karatasi yako nimeisoma mara tatu, mwanangu," alisema. "Inasema pembe zifungwe. Haisemi pembe ni ya nani."

Gamaliel aliinama akaisoma sentensi ile juu ya goti la mzee. Siku kumi na moja alikaa bandarini akihesabu meli, na hakuwahi kufikiri kwamba angepaswa kuteua watu wawili tu, wa kukaa kwenye pembe na kufanya kazi hiyo peke yake. Chuoni walimfundisha uzito wa paa na nguvu ya nondo. Walimfundisha hata kupanga kazi kwa wiki na kwa siku. Kugawa watu hakukuwa somo, naye hakuuliza. Basi hasira yake ilipata mtu wa kwanza wa kumwangukia, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Jioni ile alipiga hesabu za siku mbele ya kamati. Kila pembe ibomolewe kwa ngazi, tofali nne kila upande, ijengwe upya kwa kushikana: siku saba. Kisha lenta ya zege, na zege linyweshwe maji na kuachwa wiki mbili likomae. Ndipo kenchi, zile mbao za kubeba paa, ndipo bati. Mwezi wa Desemba, kama mvua zitakuwa na huruma.

Ephrasia, kiongozi wa wanawake wabeba maji, alikuwa ameketi mwisho wa mkeka. Aliposikia Desemba aliinuka, akachukua ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Miaka miwili nyuma binti yake Felicitas alishikwa na uchungu usioisha. Wanaume sita walimbeba kwenye machela ya miti kuelekea hospitali ya misheni. Walikuwa kwenye mlima wa tatu, wanabadilishana mabega, waliposikia kimya. Walizikwa pamoja, mama na mtoto, nyuma ya nyumba kwenye migomba. Tangu hapo, viangazi viwili, Ephrasia alipandisha maji ya kufyatulia tofali kutoka chemchemi, na hakuna aliyepanda mara nyingi kuliko yeye. Sasa binti yake wa pili, Clotilda, alikuwa na mimba, naye alitarajia mwishoni mwa Novemba.

Kesho yake mchana Land Rover ilipanda mlima. Akashuka Buberwa, aliyetumwa kuandaa sherehe, mtu mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Alitazama kuta kutoka pale barabarani, akapiga makofi, akawapongeza wananchi kwa kujitegemea. Dereva na watu wawili waliteremsha jiwe zito lililochongwa maandishi: Zahanati hii ilifunguliwa rasmi tarehe 26 Oktoba 1975. Kisha Buberwa alitoa fomu ya ukaguzi na kalamu. Ilikuwa karatasi moja tu. Ilisema kuta ziko tayari kupokea paa, na bila sahihi ya fundi sanifu bati zisingetoka stoo ya Bukoba.

Gamaliel hakupokea kalamu. Alimwongoza mpaka kwenye pembe, akamwomba aingize mkono. Buberwa aliutazama mkono wake mwenyewe, akautazama ule udongo, akaamua kutouchafua.

"Hapa si mtapiga plasta?" aliuliza.

Gamaliel alisema plasta ni nguo tu, haiwezi kuwa mfupa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Buberwa alisema, akiwageukia watu. "Ndugu Fundi, wewe ufa umeuona. Basi ziba. Au chuoni mlifundishwa kuogopa, kujenga mkawaachia akina mama?"

Watu walicheka, na Protase kuliko wote, kwa kuwa ukuta wake ulikuwa umetukanwa na fundi. Gamaliel alieleza tena uzito wa paa, na upepo unaotoka ziwani usiku wa mvua, na jinsi kuta zisizoshikana zinavyosukumwa nje na kenchi. Aliongea vizuri na kwa adabu, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyoona kwamba Buberwa anasubiri tu amalize. Alipomaliza, Buberwa aliuliza umati ni nani anataka zahanati yake ifunguliwe tarehe ishirini na sita kama ilivyotangazwa. Mikono ikainuka yote. Mzee Karugendo alitazama chini, lakini naye aliinua wake.

Hapo Buberwa alisogea karibu, akashusha sauti ikabaki ya watu wawili. Alisema anamwonea huruma, kwa sababu kijana ana maisha mbele yake. Alisema mtu anayechelewesha mradi wa wananchi kwa makusudi hujulikana kwa jina lake, na jina hilo ni mhujumu. Likishaandikwa kwenye faili halifutwi kwa raba. Akamwekea kalamu mkononi na kumfungia vidole juu yake, kama anayemfundisha mtoto kuandika.

Kitu ambacho Gamaliel hakukitegemea ni kwamba angeumizwa zaidi na ile mikono iliyoinuliwa. Watu hawa walimlisha. Walimletea ebitoke, ndizi za kupika, na maharage kabla hajasikia njaa, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kila alipobisha hodi. Aliwaza kwamba angeweza kusaini, halafu azibane pembe kwa vyuma baadaye, siku moja, akipata vyuma. Mawazo ya namna hiyo huja yamevaa nguo safi. Kisha alitazama chini ya pembe ya kaskazini mashariki, mahali ambapo kwenye ramani alichora kitanda.

Akarudisha kalamu.

"Sherehe yenu itachukua saa mbili tu, Ndugu Buberwa," alisema, na safari hii hakushusha sauti. "Mkishakula mtapanda gari lenu mtaondoka. Chini ya pembe hii atabaki amelala mwanamke. Naye hawezi kukimbia. Mimi siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba pako salama wakati mkono wangu huo huo umeingia humo."

Kishindo cha ndoo kuwekwa chini kiliwageuza watu. Ephrasia alikuwa amefika na maji. Alipita katikati ya watu, akampita Buberwa bila salamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kwa mgeni, akaenda kwenye pembe. Aliingiza mkono. Aliuacha mle muda mrefu, kama mtu anayepapasa kisima akitafuta kitu kilichomwangukia.

"Bwana huyu anasema ufa," alisema. "Ufa ni wa ukuta mmoja uliochoka. Hizi ni kuta mbili ambazo hazijawahi kusalimiana."

Buberwa alimwambia kwa upole wa juu juu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, mama awaachie wenyewe.

"Waitu, bwana, maji ya tofali hizi niliyapandisha mimi, viangazi viwili," Ephrasia alijibu. "Siku zile hukuja kuniambia ni mambo ya kitaalamu. Mimi nina mtoto mmoja kwenye migomba kwa sababu hapa hapakuwa na nyumba. Sitamleta wa pili nyumba imwangukie ili wewe upate tarehe yako."

Alipandisha kitenge chake, akapanda jukwaa la miti. Mwanamke wa umri wake juu ya jukwaa lilikuwa jambo la aibu, na wanaume wawili walitaka kumzuia, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Akafika juu. Akashika tofali la mwisho la ukuta wa Protase, akalitikisa, likatoka kirahisi kuliko alivyodhani. Akaliteremsha kwa mikono miwili mpaka kwa Protase mwenyewe, aliyekuwa amesimama chini mdomo wazi.

"Shika, Ta Protase. Utakapolirudisha, liingize kwa Kagaruki."

Protase alilishika. Alilitazama, akautazama mfupa wa mbuzi, akamtazama Gamaliel. Kisha akaliweka nyasini taratibu, akanyoosha mikono kupokea la pili. Wanawake ndio waliofuata, na baada yao Mzee Karugendo alivua koti, akalikunja pamoja na zile kurasa nne ndani yake. Buberwa aliita mara mbili kwamba mali ya umma inaharibiwa. Mara ya tatu alikuwa ndani ya gari.

Tarehe ishirini na sita Oktoba mgeni rasmi hakupanda mlima wa Nyarugongo. Alipelekwa kwingine, kwenye jengo lililokuwa na paa. Siku hiyo nyumba za Protase na za Kagaruki zilikuwa kwenye pembe yao: huyu anaweka tofali, yule anaweka la kwake juu yake, wakitukanana kwa furaha kila lilipokaa vibaya. Gamaliel alikuwa ameteua watu wawili kila pembe, na majina yao aliyaandika kwa chaki kwenye tofali, ili pasiwe tena na mahali pasipo na mwenyewe. Jiwe la ufunguzi lilibaki limelala nyasini na tarehe yake.

Siku ya kumwaga zege la lenta, barua ilikuja. Ilisema mradi umechelewa kutokana na uzembe wa mtaalamu, na kwamba mtaalamu huyo anahamishiwa stoo ya vifaa Bukoba, aripoti mara moja. Gamaliel aliisoma akiwa na zege mpaka kwenye viwiko. Uzembe aliufanya kweli, naye alijua ni upi na siku zake ngapi. Lakini si huo walioandika. Wao walimwadhibu kwa siku moja aliyofanya kazi yake sawasawa, na hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halipandi wala halishuki.

Katikati ya Desemba alikuwa akihesabu misumari nyuma ya kaunta ya stoo alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa Mzee Karugendo, na nyuma yake Ephrasia, na kifurushi cha senene wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Walikuja kuchukua bati. Fomu yao ilikuwa na sahihi. Gamaliel aliuliza fundi mpya aliwakagua lini.

"Hakushuka," Ephrasia alisema. "Alisainia juu ya usukani wa gari, akasema anawahi."

Gamaliel aliishika ile karatasi akaisoma mara mbili. Sahihi aliyonyimwa Buberwa ili mtu asife, na sahihi hii, zilikuwa na thamani moja stoo. Wala hapakuwa na kisanduku kwenye fomu cha kuandika tofauti yake. Akauliza kuhusu pembe.

Ephrasia alimnyooshea mkono wa kulia. Ukucha wa kidole cha kwanza ulikuwa umevunjika karibu na nyama. "Nilijaribu zote nne," alisema. "Haikuingia hata ncha."

Kisha Gamaliel alimuuliza swali aliloliogopa, bila kuinua macho. Clotilda?

"Njiani, kwenye mlima wa pili. Waliitua machela nyasini, mvua inanyesha, nikampokea mimi." Aliweka kifurushi juu ya kaunta. "Mtoto mzima, mama mzima. Hasira yangu nayo nzima, sijaitua bado. Leta bati, mwanangu. Desemba hii wako wengine wanne wenye mimba."

Gamaliel hakuita wapakiaji. Alizitoa mwenyewe, mbili mbili, mpaka lori likajaa, na Mzee Karugendo akafunga kamba. Ephrasia alipanda juu, akaketi katikati ya bati ili upepo usizinyanyue, akajifunika kanga kichwani. Lori lilipoanza kuondoka Gamaliel alikumbuka jiwe, akapaza sauti kuuliza wamelifanya nini.

"Tunafulia nguo," Ephrasia alijibu kutoka juu. "Tarehe inaanza kufutika."